Kiroboto Amenyamaza

Ule mshindo wa toleo lililopita haukuwa wa spika iliyopasuka, wala wa baruti ya maonyesho. Msomaji aliyejifariji hivyo wiki nzima na ajikaze, maana habari ni mbaya.

Dari lilikuwa limeanguka kweli.

Na ubaya wenyewe una kejeli ndani yake. Mazoezi ya maafa ya asubuhi ile yalikuwa ya kuigiza jengo lililoanguka. Wageni walialikwa kwenye jengo jipya la wazazi, ambalo bado lilikuwa zege tupu na nondo, wakae kwenye viti vya plastiki na kushuhudia jinsi wauguzi wanavyookoa watu chini ya kifusi. Wanafunzi wa uuguzi walilazwa sakafuni kwa mpangilio mzuri, wamepakwa rangi nyekundu, wamefungwa tepe mikononi, wakigumia kwa zamu. Mkurugenzi wa hospitali, mheshimiwa mwenye hotuba ndefu kuliko tai yake, alikuwa amesema "kwa kumalizia" kwa mara ya tatu na bado anaendelea.

Ndipo zege likashuka upande ule walikolala wanafunzi.

Wageni wakapiga makofi.

Ndiyo, makofi! Mmoja alisimama kabisa, akasema hajawahi kuona maonyesho yenye uhalisia namna hii. Vumbi lilipomfikia kooni, akaacha kupiga.

Sista Kipenga hakupiga makofi. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba cha dharura, mwanamke mwenye kipenga shingoni na sauti iliyokifanya kipenga hicho kionekane kama mapambo tu. Alijua kila kilichopangwa kwenye mazoezi yale, kwa sababu alikipanga yeye. Dari halikuwemo.

Alisimama kama aliyepigiliwa misumari. Kisha kazi ikamwingia mwilini, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Si mazoezi! Nasema si mazoezi! Anayeweza kutembea, atembee! Wenye tepe za kijani, wote banda la ambulensi! Asiyeweza, abaki alipo, nakuja!"

Sauti ilikuwa nzuri. Maagizo yalikuwa mazuri. Lakini lilikosekana agizo moja, na hilo moja ndilo litakalotuumiza leo.

Akaingia kwenye kifusi na mkoba wa tepe kiunoni. Utepe mwekundu kwa anayekufa lakini anaweza kuokolewa. Njano kwa anayeweza kusubiri. Kijani kwa anayetembea na kulalamika. Mweusi kwa asiyepumua hata ukimfungulia njia ya hewa. Anayepanga majeruhi hatibu. Anapita. Anashika, anasikiliza, anafunga utepe, anapita. Akikaa kumbembeleza mmoja, wengine watatu wanakufa wakimwita.

Tatizo lilikuwa rangi. Kila aliyelala pale alikuwa mwekundu tangu asubuhi.

"Hii damu yako au ya duka?" alimuuliza mwanafunzi mmoja aliyeshika kichwa.

"Ya duka, Sista. Ila huu mkono ni wangu, na haukuwa umepinda hivi."

"Njano. Usiusogeze."

Akapita. Akamfunga mmoja mwekundu. Akamfunga mwingine mweusi, binti ambaye juzi tu alimkaripia kwa kuchelewa darasani, na akapita, kwa sababu kupita ndiyo kazi.

Karibu na nguzo akamkuta mdogo wake wa kike.

Huyu jina lake la nyumbani na la chuoni lilikuwa moja: Kiroboto. Hakai mahali, hanyamazi, na akikuuma unajikuna siku nzima. Mama yao alipofariki, Sista alimlea tangu akiwa hajui kuvaa viatu, na sasa alikuwa mwaka wa kwanza wa uuguzi, sifa yake kubwa ikiwa ni kuigiza majeruhi. Mwaka jana, akiwa mgeni tu wa kujitolea, aliigiza maiti vizuri mno hata matroni mmoja akalia na kuanza kumsalia. Maiti ikafungua jicho moja na kusema, "Amina."

Safari hii aliomba tena utepe mweusi. Walibishana jikoni kabla ya chai.

"Dada, mweusi ndio wenye kazi! Unalala, unabebwa, watu wanakuonea huruma."

"Sikufungi mweusi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

"Unaogopa?"

"Nani? Mimi? Utavaa kijani, utembee, ulalamike. Hiyo hata huhitaji kuigiza."

Na alimfunga kijani kwa mkono wake mwenyewe, akakaza fundo.

Sasa Kiroboto alikuwa amekaa chini ya nguzo, vumbi uso mzima kama andazi lililosahauliwa kwenye unga. Macho yalikuwa wazi. Kifundoni mwa mkono, utepe wa kijani.

"Dada! Umeniona? Niko hai!"

Furaha ilimpanda Sista, akaimeza.

"Unaweza kusimama?"

"Naweza." Akasimama, akashika nguzo. "Ila bega linaniuma. Hili la kushoto. Na limeniuma tu lenyewe, halijagongwa."

"Kijani. Banda la ambulensi."

"Dada, kweli linauma."

"Kiroboto, si leo! Nenda!"

Alikwenda. Sista alimwona akitembea ameinama kidogo, mkono tumboni, na moyo wake ukasema: hata leo anaigiza. Akageuka kwa aliyefuata.

Aliyefuata alikuwa Fundi Mkuu, msimamizi wa ujenzi, mwanaume mpana aliyekuwa amebanwa na kipande cha zege. Walipomvuta, paja lilifungua damu kama bomba. Sista akamkaza mkanda juu ya jeraha mpaka damu ikakubali kusimama.

"Mwekundu," alisema, akifunga.

"Sista," mtu yule alinong'ona, "usinifunge mimi."

"Nyamaza, hifadhi nguvu."

"Ile miti ya kuegemezea zege. Niliitoa mimi jana. Mkurugenzi alisema inaharibu picha, wageni hawatapita. Zege lilikuwa bichi. Nilijua, Sista. Nikaitoa."

Sista alimtazama. Nyuma yake yule binti wa utepe mweusi alikuwa amefunikwa shuka.

Alikaza fundo kama alivyolikaza la wengine, akapita.

*

Banda la ambulensi lilikuwa linamilikiwa, kwa maana ya kutawaliwa, na Mzee Ving'ora, dereva aliyeendesha ambulensi miaka mingi hadi akawa anaongea kwa kupanda na kushuka. Wenye kijani walikaa kwenye mabenchi na matairi. Wengine walilia. Kiroboto alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, akiwahudumia kwa mdomo, maana mdomo haukuwa umeumia.

"Mkurugenzi yuko wapi?" mmoja aliuliza huku akitetemeka.

"Ametoka mzima," Kiroboto alisema. "Ila hotuba bado iko chini ya kifusi. Wanaitafuta kwa mbwa."

Wakacheka. Kucheka huku ukilia ni kazi ya ajabu ya uso, lakini waliifanya. Mzee Ving'ora alimrushia blanketi.

"We mtoto, hujachoka kubwabwaja?"

"Nikichoka utasikia, mzee."

Sista alipita mara moja, akitafuta wenye mikono mizima wakabebe machela. Akawahesabu kwa macho. Akamwona mdogo wake, akaona kijani, akaona blanketi.

"Dada, bega..."

"Nitakuja."

Hakuja. Kulikuwa na kijana anayekoroma damu, na mpishi wa hospitali aliyekuwa akileta chai ya wageni na sasa amevunjika mbavu, na kila mmoja alikuwa na haki kuliko bega la mtu mwenye utepe wa kijani.

Kisha Mzee Ving'ora akaja mbio. Msomaji, yule mzee hakimbii. Hata akifika kwenye ajali hutembea, husema haraka iko kwenye gari.

"Sista. Njoo banda."

"Nani ameanguka?"

"Hakuna aliyeanguka. Kiroboto amenyamaza."

Maneno mawili tu! Sista aliacha kila alichoshika, mara ya kwanza siku ile, akakimbia.

Alikuwa amelala ubavu chini ya blanketi. Uso haukuwa wa vumbi tena, ulikuwa na rangi ya majivu, na jasho jembamba juu ya mdomo. Sista akamgeuza. Akaweka kiganja tumboni. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao.

Bega la kushoto! Mwanafunzi wa mwaka wa pili analijua hilo. Wengu ukipasuka, damu inajaa tumboni, na maumivu yanapanda kujitangaza begani. Ni yeye aliyelifundisha darasa zima, amesimama mbele, kipenga kikining'inia.

Akaushika ule utepe wa kijani aukate. Ndipo akauona vizuri.

Ulikuwa umekatwa pembe.

Tepe za mazoezi hukatwa pembe moja, zisichanganyike na tepe za kweli. Ni wazo la Sista mwenyewe, na lilisifiwa mkutanoni. Na likitokea janga la kweli katikati ya mazoezi, agizo la kwanza kabisa, kabla ya lingine lolote, ni hili: toeni tepe zote za mazoezi.

Hakulitoa. Alisema tembeeni, alisema bakini, alisema nakuja. Agizo la kwanza lilimponyoka kama sarafu kwenye tundu la mfuko. Mdogo wake alikuwa amepimwa asubuhi, akiwa mzima, kwa ajili ya mchezo. Tangu dari lianguke, hakuna aliyempima.

"Machela!" alipiga kelele, na sauti ile maarufu ikakatika katikati. "Machela, jamani!"

*

Nje ya chumba cha upasuaji kulikuwa na korido, na kwenye korido machela mbili zilisimama ubavu kwa ubavu. Kiroboto upande huu. Fundi Mkuu upande ule. Ya tatu, ya mpishi, ilikuwa inasukumwa kwa mbali.

Daktari wa upasuaji alitoka na glavu mpya. Alikuwa mmoja, meza ilikuwa moja. Mwenzake alikuwa njiani kutoka hospitali nyingine, na njia ilikuwa imejaa ndugu wa majeruhi.

"Sista, nipe mmoja."

Sista alizitazama machela zote mbili.

"Sista! Wewe unapanga, mimi nakata. Nani?"

"Huyu ni mdogo wangu," Sista alisema.

Daktari alishusha barakoa. "Pole. Basi mtu mwingine apange."

"Mwingine yupi? Waliobaki wote wako kwenye kifusi au wamelala humu."

Machela ya mpishi iligonga ukuta, ikanyooshwa.

"Niambie presha zao," daktari alisema, taratibu sasa, kama mtu anayemwongoza kipofu kuvuka barabara.

"Ya Fundi iko chini, lakini ipo. Mkanda umeshika. Akifungwa mshipa sasa hivi atapona."

"Na huyu?"

Sista aliigonga mashine ya presha kwa kidole.

"Mashine haisomi. Nasikia mapigo shingoni tu. Amevuja tangu dari lianguke."

"Damu tunayo?"

"Ya mtu mmoja. Labda."

Hesabu ile alikuwa ameifundisha: meza ikiwa moja, haendi anayeumwa zaidi, wala anayestahili zaidi, wala anayependwa zaidi. Anakwenda atakayetoka akiwa hai.

Fundi Mkuu akainua kichwa. "Mpeleke binti," alisema. "Sista, nimeshakuambia nilichofanya. Mpeleke binti. Mimi naomba mwenyewe."

Msomaji ataona ilivyokuwa rahisi! Mwenye kosa amejitolea. Shahidi ni daktari. Nani angemlaumu? Mlango ulikuwa wazi, na mkono wa Sista ulikuwa tayari umeshika chuma cha machela ya Kiroboto.

"Dada."

Alikuwa amefungua macho. Sauti ilitoka kama inatoka chumba cha pili.

"Usiongee."

"Nisipoongea utadhani nimekufa."

"Kiroboto, tafadhali."

"Nilikwambia bega. Sikuwa naigiza."

"Najua."

"Umejua lini?"

Sista alishindwa kumtazama. "Sasa hivi."

"Aa. Basi umechelewa kidogo tu." Akajaribu kucheka, tumbo likakataa. Akamtazama mtu wa machela ya pili, kisha daktari, kisha dada yake. Alikuwa mwanafunzi mzembe, lakini darasa la dada yake hakuwahi kusinzia hata siku moja. "Wana... meza moja, eh?"

"Mwingine anakuja. Yuko njiani. Anakuja na damu."

"Sawa. Mimi nasubiri. Mimi si wa kijani?"

Alisema kwa upole kabisa. Ndio utani wa mwisho aliouweza, na ulikuwa mbaya kuliko wote aliowahi kufanya, kwa sababu ulimpa dada yake ruhusa.

Sista aliachia chuma cha machela moja. Akashika cha pili.

"Fundi," alisema kwa daktari. "Mchukue Fundi."

"Sista, hapana!" Fundi alilia, mtu mzima mwenye mabega kama mlango. "Hapana, mama, usinifanyie hivi!"

"Simfanyii mtu yeyote kitu. Sukuma!"

Magurudumu yakalia. Mlango ukajifunga. Kilio cha yule bwana kilisikika upande wa pili mpaka dawa ya usingizi ilipokinyamazisha.

*

Sista alipiga magoti sakafuni. Mzee Ving'ora alisimama ameshika chupa ya dripu juu, kwa kuwa stendi ziliisha, na alikataa kupokewa.

"Nieleze kitu," Kiroboto alisema.

"Kitu gani?"

"Chochote. Wewe huwa hunielezi kitu. Unanituma tu. Kiroboto lete maji, Kiroboto funga mlango."

Sista alitafuta. Mwanamke aliyejua kusema na watu mia kwa mpigo hakupata la kumwambia mmoja.

"Mwaka jana," alisema mwishowe, "uliposema amina. Nilitoka nje nikacheka mpaka nikakaa chini. Nyuma ya tangi la maji, usinione."

"Muongo! Ulininunia siku mbili."

"Nilinuna usoni tu."

Kiroboto alitabasamu macho yakiwa yamefungwa. "Kumbe," alisema. "Kumbe nilikuwa nachekesha."

"Unachekesha. Unachekesha sana. Kiroboto? Unanisikia? Endelea kuongea."

"Baridi."

Mzee Ving'ora alivua koti lake kwa mkono mmoja, chupa ikiwa bado juu, akalitupa juu ya blanketi. Alikuwa analia bila kupandisha wala kushusha sauti.

"Kiroboto!"

Hakujibu. Sista akaweka vidole viwili shingoni. Kwenye machela iliyofuata, mpishi wa utepe mwekundu alikohoa, akashika ubavu, akamtazama kwa macho ya mtu asiyetaka kusumbua.

Ndipo mlango wa mwisho wa korido ulipofunguka kwa kishindo. Daktari wa pili! Alikuwa anatokwa jasho, sanduku la damu begani. Gari alikuwa ameliacha barabarani, akaja kwa miguu. Nyuma yake wauguzi wawili walikuwa wanasukuma meza ya kujifungulia, ambayo ingegeuzwa ya upasuaji.

"Nani anafuata?" aliuliza akivaa glavu.

Sista hakuinua macho. Vidole vilikuwa palepale shingoni. Na alisikia mapigo.

Yalikuwa ya kasi. Yalikuwa na nguvu.

Moyo ulimruka, halafu ukasimama. Mapigo ya Kiroboto, muda mfupi uliopita, yalikuwa ya kutafutwa kwa kuvizia. Haya yalikuja yenyewe, yanagonga kama mtu mwenye haraka mlangoni. Kila mwaka huwaonya wanafunzi: ukiwa na hofu usiviamini vidole vyako, maana damu yako mwenyewe inapiga nchani mwavyo, na unaweza kumshika maiti ukasikia uhai ambao ni wako.

"Sista," daktari alisema. "Nimeuliza nani anafuata."

Mpishi akakohoa tena. Safari hii kitambaa kilichokuwa mdomoni kilirudi chekundu.

Njia ya kuhakikisha ilikuwepo. Angeweka sikio kifuani. Angemwita mwingine ashike. Ni kitendo cha muda mfupi tu, na jibu lingekuja, na rangi ingepatikana.

Sista Kipenga hakuweka sikio. Hakumwita mtu. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa utepe mwekundu mpya, wenye pembe zote nne, akaufunga kwenye kifundo cha mkono wa mdogo wake, na kwa mara ya kwanza maishani hakujua kama anasema kweli.

"Huyu," alisema. "Yuko hai. Mchukue huyu."